Naomba ushauri: kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mshahara mmoja

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, na tangu mke wangu aache kazi ili amlee mtoto wetu mchanga, tunategemea mshahara wangu pekee, ambao kabla haujanifikia hukatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo (deni la masomo ya elimu ya juu), 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF na 3 ya bima ya afya, mbali na kodi ya mapato. Chakula tunakimudu, kwani mchele na maharage tunanunua kwa gunia wakati wa mavuno. Kinachotulemea ni pango, ambalo mwenye nyumba hulidai la miezi sita kwa mkupuo. Je, nikope SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ilhali makato yataongezeka? Mke wangu anapendekeza kikoba cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana, nami nasita, kwa sababu hisa za kila wiki hazisubiri mwisho wa mwezi.