Mashine ya umeme ya kukatia majani ya mifugo: tupeane uzoefu wa kuitumia salama

Mfugaji, Veyula
Wakuu, salaam. Mavuno yameisha, mabua ya mahindi na mtama yamebaki shambani, na kila mwenye ng'ombe anataka kuyakata ahifadhi kabla kiangazi hakijakolea. Mashine za umeme za kukatia majani ni nzuri, ila zinakata vidole, na mara nyingi ni wakati wa kuzibua. Naomba mnaozijua mtupe vipimo na hatua, siyo "kuwa mwangalifu" tu.

Fundi umeme, Chamwino
Naanza na waya. Mota ya kilowati 2.2 (farasi 3) ya fezi moja inavuta takriban ampea 14 ikiwa na mzigo, na inapowaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Usiichomeke kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, itaungua. Ivutie laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka: waya wa 2.5 mm², na umbali ukizidi mita 30 panda hadi 4 mm². Ukitumia ekstensheni ya kuviringisha, ifungue yote, maana ikiwa imejikunja inapata moto. Waya mwembamba unashusha volti. Mota inanguruma bila kuzunguka. Ikinguruma hivyo, zima papo hapo. Usiisaidie kwa kusukuma gurudumu la visu.

La pili ni ethi (waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja), na hapa Dodoma naomba mnisikilize vizuri. Udongo wetu ukikauka, fimbo ya ethi haishiki. Tuseme ukinzani wake umefika omu 200: umeme wa volti 230 ukivujia kwenye chuma cha nje cha mashine, zitapita ampea 1.15 tu. Breka ya ampea 16 haitashtuka hata kidogo, na chuma hicho kitabaki na umeme kikimsubiri wa kukigusa. Kwa hiyo funga breka ya kuzuia uvujaji, ile yenye kitufe cha T, ya miliampea 30. Hiyo inakata hata ethi ikiwa dhaifu. Bonyeza T kila mwezi; isipokata, ibadilishe. Fimbo nayo izamishe chini zaidi, au ongeza ya pili.

Mwendesha mashine, Bahi
Kuzibua. Mashine nyingi zina mkono wa gia wenye nafasi tatu: mbele, katikati, nyuma. Bua likikwama, rudisha nyuma kwanza, roli (zile zinazovuta bua ndani) zitalitema. Likigoma:

1. Zima swichi.
2. Chomoa plagi au shusha breka, na anayezibua ndiye akae karibu nayo, asije mwingine akaiwasha.
3. Subiri gurudumu lisimame kabisa. Ni zito, linaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mota kuzimwa, na sauti ikiisha haina maana limesimama. Litazame.
4. Ingiza gogo kati ya mikono ya gurudumu ili lisigeuke.
5. Vuta bua kwa kulabu au mti. Hata bila umeme, ukigeuza gurudumu kidogo kisu kinapita mlangoni na kukata.

Mlango wa kulishia uwe mrefu kuliko mkono wa mtu. Sentimita 90 inatosha. Mashine yenye mlango mfupi, mpelekee mchomeleaji aongeze bati kabla hujaiwasha. Vipande vifupi vya mwisho usivisukume kwa kiganja, visukume kwa bua jingine.

Mfugaji, Veyula
Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

Fundi umeme, Chamwino
Swali zuri sana. Yenye swichi ya kawaida itajiwasha yenyewe umeme ukirudi, hata kama mkono wa mtu umo ndani. Funga stata ya kontakta: umeme ukikatika inaachia, na haiwaki hadi mtu abonyeze kitufe cha kijani. Kama huna, umeme ukikatika tu zima swichi na uchomoe.

Mama wa ng'ombe wa maziwa, Kongwa
Kanga, mtandio na mikono mipana ya gauni visikaribie roli wala mkanda wa mota, nywele zifungwe. Mkanda uwe na kava lake. Upepo wetu wa Juni hadi Agosti una nguvu, elekeza bomba la kutolea majani kule upepo unakokwenda, vinginevyo vumbi lote la mabua linawarudia machoni. Miwani na barakoa. Watoto wakae mbali, hasa upande wa bomba.

Kagua kila mzigo: waya, jiwe, kipande cha chuma. Visu butu ndivyo chanzo cha kukwama, vinakunja bua badala ya kulikata. Pengo kati ya kisu na chuma cha chini lisizidi milimita 1, na kaza bolti za visu kila asubuhi.

Mtama mbichi mchanga, au uliochipua baada ya kukatwa, una sumu ya sianidi. Usiukate ukawapa ng'ombe. Subiri ukomae au uukaushe vizuri.

Mwendesha mashine, Bahi
Nyongeza. Ajali ikitokea, kata umeme kwanza, usimguse aliyenaswa kabla ya hapo. Bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Mpeleke majeruhi pamoja na kidole hospitali wakati uleule.