Akiwa mwenyewe anapika na kufua, nikifika mimi anaacha. Niongee naye vipi kabla ya ndoa?

Bint_Tabata:
Habari wapendwa, naomba ushauri na tafadhali msinitukane. Mimi nipo Dar, nakaa Tabata kazi yangu ni Posta, mchumba yupo Mwanza kikazi. Mahari imeshapokelewa, vikao vimeanza, tukifunga ndoa anahamia huku. Kinachoninyima usingizi ni kazi za nyumbani. Huyu mtu anaishi mwenyewe, anajipikia, anafua, anadeki, hadi jirani yake ananiambia nimepata mwanaume msafi. Lakini nikienda kumtembelea (nafikia kwa shangazi Nyakato, mchana nashinda kwake) hagusi kitu. Nakuta nguo zimelowekwa zinanisubiri, sato wamenunuliwa hata magamba hayajatolewa, yeye yupo kwenye kochi anasema leo nataka chakula cha mke wangu. Mwanzoni nilikuwa nafurahi maana mkiwa mbali unakuwa na hamu ya kumfanyia mtu kila kitu, ila sasa nikiwaza natoka home saa kumi na moja alfajiri, nagombania daladala, jioni foleni hadi saa mbili usiku ndo nafika, halafu niingie jikoni mwenzangu anaangalia mpira, naogopa kweli. Kwenye simu tunaongelea ukumbi na sare tu, hili linanishinda kulianza. Mama anasema nitamzoesha nikishaingia. Niseme vipi asione nampangia masharti?

Mama_Wawili:
Mdogo wangu usisubiri uingie. Na usimuulize "utanisaidia kazi?" maana hapo kila mwanaume anajibu ndiyo mpenzi. Mtajie vitu. Maji ya mgao yakitoka saa nane usiku nani anaamka kujaza ndoo? Jumamosi nani anaenda sokoni Buguruni? Mashuka nani anafua? Wangu yote alijibu vizuri, kwenye mashuka akacheka, nikajua pa kuanzia.

Kaka_Mbagala:
Mbona mnakuza jambo, wekeni dada wa kazi yaishe.

Mama_Wawili:
Kaka, dada wa kazi anaumwa, sikukuu anaenda kwao, na hata akiwepo, kumwelekeza na kujua unga umebaki kiasi gani kunabaki kwa mke. Halafu siyo kila mshahara wa Dar unaweza kumlipa mtu vizuri.

Dada_Kinondoni:
Na wanaosema kazi za nyumbani siyo kitu wakasome kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za mke nyumbani ni mchango wake kwenye mali ya ndoa. Nayasema haya siyo kwamba nakuombea mfike huko dada, ila ujue jasho lako lina thamani, usione aibu kulizungumzia.

Abuu_Temeke:
Mimi ni mwanaume na nimeoa. Bi Aisha aliulizwa Mtume (SAW) alikuwa anafanya nini akiwa nyumbani, akasema alikuwa anawahudumia watu wa nyumbani kwake, ukifika wakati wa swala anatoka kwenda kuswali. Ipo kwenye Bukhari. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mume akiosha sufuria heshima inashuka. Huyo wako kazi anaziweza, tatizo anaona ukifika zamu yake imeisha, na hilo linaongeleka. Ila muulize na hili, mama yake au dada zake wakija kukaa kwenu itakuwaje? Wengi wetu tunaosha vyombo vizuri tu hadi mama aingie mlangoni, hapo tunaona aibu, mzigo wote anaachiwa mke na akilalamika anaonekana mvivu.

Bint_Tabata:
Asanteni sana jamani. Mwisho wa mwezi anakuja kwenye kikao, namuuliza ana kwa ana siyo kwenye simu, naanza na maji na mashuka kama dada alivyosema. La mama yake sikuliwaza kabisa, na mama mkwe ameshasema harusi ikiisha anakuja kukaa na sisi kwanza.

Mama_Wawili:
Basi hilo la mama mkwe ndo liulize mwanzo, kabla hamjalipia ukumbi.