Brigedi ya Waayalandi Marekani: kwa nini waling'ang'ania gobore?

MwlMafinga
Kamwene wadau. Natayarisha somo la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Regimenti za New York za Brigedi ya Waayalandi iliyopigania upande wa Kaskazini, yaani ya 63, 69 na 88, zilibeba bunduki za mtindo wa 1842 zisizo na mifuo ndani ya mtutu, huku vikosi vingi vikiwa na raifoli zenye mifuo hiyo. Walinyimwa kwa sababu ni wahamiaji?

Kihesa_Kilolo
Kamwene mwalimu. Hawakunyimwa. Kamanda wao Thomas Francis Meagher alizipenda kwa sababu alitegemea kupigana karibu, kisha singe, yaani kisu cha mbele ya bunduki. Katriji ya bunduki hiyo ni ya karatasi, ndani kuna baruti, risasi moja nene na gololi tatu. Askari anaichana kwa meno, anamimina baruti mtutuni, anashindilia vilivyobaki kwa mdeki, halafu anaweka fataki. Aliyewahi kuona gobore la mwindaji hahitaji kuchorewa. Risasi ni nyembamba kuliko mtutu, kwa hiyo masizi hayaikwamishi upesi. Lakini upenyo huohuo ndio unaoifanya iyumbe: ndani ya mita 50 ni balaa, ikipita mita 100 unabahatisha tu.

Tukuyu1
Ndiyo maana waliisha kwenye mapigano ya Fredericksburg, Virginia, tarehe 13 Desemba 1862. Waliingia kama 1,200, wakapoteza 545, yaani waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea kwa pamoja.

Kihesa_Kilolo
Hapana ndugu yangu, hapo tusiwapotoshe watoto. Kilichowamaliza ni uwanja. Walipanda mteremko ulio wazi kuelekea ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kuna barabara iliyozama ambamo adui alisimama safu kwa safu, wa nyuma wakiwajazia wa mbele bunduki. Vikosi vyenye raifoli navyo viliushambulia ukuta huohuo na hakuna kilichoufikia. Regimenti ya 28 ya Massachusetts, ya brigedi hiyohiyo, ilikuwa na raifoli za Enfield na haikuokoka. Siku hiyo regimenti hiyo pekee ndiyo iliyokuwa na bendera ya kijani ya Waayalandi. Za New York zilikuwa zimechakaa na kurudishwa, hivyo wengine wakachomeka vijitawi vya kijani kofiani. Linalouma zaidi: regimenti ya 24 ya Georgia, ya adui nyuma ya ukuta, iliongozwa na Robert McMillan, mzaliwa wa Ayalandi.

MwlMafinga
Na waliandikishwa kwa nguvu?

Tukuyu1
Hawa wa 1861 na 1862 walijitolea. Mshahara ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na sheria ya Julai 1862 ilimruhusu askari aliyeachishwa kwa heshima kuomba uraia baada ya kukaa nchini mwaka mmoja badala ya mitano. Kuandikishwa kwa lazima kulikuja 1863. Mwenye dola 300 alijikomboa, maskini akabaki, ndipo ghasia zikalipuka New York Julai.

Kihesa_Kilolo
Mwalimu, kwa wanafunzi wa Iringa anzia Lugalo, Agosti 1891: Wahehe walivizia porini mpaka msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ukawa karibu kabisa, bunduki nzuri za Wajerumani zikakosa muda wa kufanya kazi. Kisha wapeleke uwanja wa mpira. Mmoja asimame golini, mwingine katikati ya uwanja: hapo gobore la Meagher linaua. Wa katikati arudi mpaka goli la pili, na waone wenyewe umbali ambao kupiga ni kubahatisha tu.