Mdogo wangu anaficha unga (heroini) chumbani, nyumba ni ya familia. Sheria inanigusa na mimi?

Dada_Mbagala:
Wakuu habari za mchana. Naombeni ushauri, matusi kwa mdogo wangu wekeni akiba kwanza.

Tunaishi Mbagala kwenye nyumba aliyotuachia mzee. Mimi na wanangu vyumba vya mbele, mdogo wangu chumba cha uani. Alikuwa fundi friji mzuri tu, sasa hivi ni teja, sina haja ya kuzunguka. Anasinzia kasimama, mpaka sigara imuunguze vidole ndiyo anashtuka. Jumamosi naingia kufagia, spika yake ya redio ikaanguka, mfuniko wa nyuma ukaachia. Ndani kete, vifurushi vidogo vya unga vya nailoni, zimefungwa kwa rababendi, nyingi kuliko za mtu wa kuvuta mwenyewe. Nikazirudisha, nikatoka.

Polisi wakija, na mimi nabebwa? Shangazi anasema nikamripoti. Mama yuko Rufiji, anasema nikimpeleka polisi siku akifa nisikanyage msibani.

Fundi_Maiko:
Tumbukiza chooni, badili kitasa, kazi imeisha.

Bibie_Tandika:
@Fundi_Maiko imeisha kwako wewe. Mzigo kama ule mara nyingi si wa teja, kapewa auze ili apate cha kuvuta. Ukiumwaga, mwenye mali atabisha hodi kwa huyu dada.

Mzee_wa_Kisutu:
Dada, pole sana. Nitaandika kirefu kwa sababu hapa watu wanafungwa kwa kutojua.

Sheria inayotumika ni ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya 2015, ikakazwa na marekebisho ya 2017. Ile ya 1995 iliyoitangulia iliacha nafasi ya faini, ndiyo maana wazee bado wanasema "atalipa atoke". Wasahau. Sasa hivi kumiliki na kuhifadhi vimo ndani ya kosa la kusafirisha, kwa hiyo mtu anashtakiwa kwa kusafirisha hata kama mzigo haujatoka uvunguni. Heroini isiyozidi gramu 200 ni miaka 30. Ikizidi hapo ni maisha. Ikifika gramu 20, dhamana hakuna. Kipo kifungu chepesi cha kiasi kidogo cha matumizi binafsi, ila kete zilizofungwa kwa mafungu hazimsaidii mtu kujieleza.

Kuhusu wewe: mwenye nyumba au mwangalizi wa chumba anayeruhusu, *huku akijua*, kitumike kwa dawa za kulevya naye ana kosa. Mpaka Ijumaa ulikuwa hujui. Sasa unajua, na umeshatuandikia.

Usizishike tena. Na usizibebe kuzipeleka kituoni, ukisimamishwa njiani aliyekutwa nazo ni wewe. Tafuta wakili leo. Ukiamua kuripoti, piga 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Wakija kupekua, mjumbe au shahidi huru awepo, na kila kinachochukuliwa kiandikwe mbele yenu kabla hujasaini.

Kijiwe_Nongwa:
Halafu ujue mahakama ya Kisutu ilivyo. Anasomewa mashtaka, anaambiwa hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama haina mamlaka, upelelezi haujakamilika, kesi itatajwa tarehe fulani. Anarudi mahabusu Segerea. Inatajwa tena, na tena. Mimi adhabu kali kwa wenye majahazi, wale wanaoingiza mzigo mkubwa, siipingi, ila kwenye karandinga nawaona hawa hawa wa kete.

Bibie_Tandika:
Hela kwa mwenye majahazi zinafikaje kama hakuna anayeuza kete? Mwanangu aliuziwa na mtu mdogo hivyo hivyo.

Mama_Salumu:
Dada, mwanangu anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, hospitali ya Temeke. Huduma ilianza Muhimbili 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Ni bure, ila anainywa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku, sikukuu haimo. Tabu ni nauli na kuamka. Anza na asasi zinazohudumia mateja mitaani, ndizo zinazowaandaa na kuwapeleka kliniki.

Mzee_wa_Kisutu:
Sawa kabisa, ila methadoni haifuti kesi. Hizo kete zishughulikiwe kwanza.

Dada_Mbagala:
Asanteni. Nimempata wakili, ndugu wa jirani, tunaonana saa kumi. Nimemwambia mdogo wangu nimeona. Kalia, kasema anadaiwa. Hospitali kakubali, lakini alishawahi kukubali akaishia kijiweni. Nauli nimpe?

Mama_Salumu:
Usimpe mkononi hata mia. Panda naye daladala, na uende naye alfajiri, kabla arosto, ile hali ya kuumwa akikosa unga, haijamshika.

Mzee_wa_Kisutu:
Na chumba kile usiingie tena peke yako mpaka wakili aseme.