Nimekesha siku tatu na kitone chekundu kisichosimamisha kitu

Wakuu, heshima kwenu.

Naufungua uzi huu nikiwa nimevurugwa, nisameheni lugha. Na kabla mtu hajaanza: ndiyo, nimezima na kuwasha. Ndiyo, nimefuta na kusakinisha upya. Nimesoma maelekezo mpaka macho yamekuwa mekundu kuliko hicho kitone chenyewe.

Debaga, chombo cha kusimamisha programu katikati ili uione inavyokwenda, kugoma naelewa, mitambo hugoma. Kinachoniua ni ukimya wake. Umemwambia konda "shusha hapo kwenye mwembe", kaitikia "poa". Gari linapita mwembe, linapita kituo kinachofuata, linaingia stendi, na konda anakuangalia usoni kama hujawahi kufungua mdomo. Ndivyo brekipointi, vile vitone vyekundu vya kuiambia programu isimame kwenye mstari fulani, zilivyonifanya tangu Jumatatu.

Kisa chenyewe. Ofisi yetu ndogo, tuko wanne, tunatunza mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Lugha ya Python 3.11, kiunzi cha tovuti cha Django, vyote ndani ya kontena la Docker, yaani kisanduku kilichojitenga na laptopu, chenye mafaili yake. Mhasibu wa chama akapiga simu: jedwali la marejesho la mwanachama mmoja halijumlishi, limepungua shilingi 4. Chekeni tu. Yule mama hacheki. Kaniambia, "Mwanangu, shilingi nne kwa mtu mmoja, wewe unajua wako wangapi?" Nikanyamaza.

Kazi ya dakika kumi, nikajiambia. Nafungua faili la marejesho, nabofya pembeni mwa mstari, kitone chekundu kinatokea, naiendesha, inasimama, naangalia namba. Nikachemsha chai kabisa.

Kwanza haikuunganika. Hilo lilikuwa kosa langu, nalipita haraka: ndani ya kontena debaga ilikuwa inasikiliza kwenye 127.0.0.1, maana yake inajisikiliza yenyewe humo ndani. Ukiwa nje hata ufungue mlango wake, porti 5678, namna gani huipati. Weka 0.0.0.0, isikilize kote. Sawa, nimekubali.

Ikaunganika. Kitone kikageuka kijivu, kitupu katikati, kama pete. Hakuna sauti, hakuna ujumbe kwenye skrini, programu inaendelea kukimbia na chai yangu inapoa. Baada ya saa nzima ndipo nikagundua kwa bahati kwamba ukiupeleka mshale juu ya ile pete na kuutuliza hapo kama unavizia samaki, kunatokea maandishi madogo. Yanasemaje? Kwamba brekipointi iko kwenye faili ambalo halipo.

Halipo! Faili liko wazi mbele yangu! Nalisoma! Mimi ndiye niliyeliandika!

Kumbe ndani ya launch.json, faili la mipangilio ya debaga, pale kwenye pathMappings panapolinganisha njia za laptopu na za kontena, remoteRoot (folda ya upande wa kontena) ilikuwa /app, kwa sababu mfano nilioukopi ulikuwa hivyo. Dockerfile yetu, ile ya kujengea kontena, WORKDIR yake (folda ya kazi) ni /usr/src/app. Kwa hiyo debaga ilikuwa inaingia kwenye kontena, inatafuta /app/mikopo/marejesho.py, haikuti kitu, inarudi kusema halipo. Ina haki yake. Lakini ingekufa ikisema "nimetafuta njia hii hapa ndani ya kontena, sijaikuta"? Herufi chache tu hizo. Mimi nazungumzia laptopu, yeye anazungumzia kontena, na hakuna aliyetuambia kwamba tunazungumzia nyumba mbili tofauti.

Nikarekebisha. Kitone kikawa chekundu. Nikaita huku, dogo wa meza ya pili akashtuka.

Hapa sasa ndipo nilipoanza kujiuliza kama nimerogwa. Ikasimama kweli, mshale wa njano ukatokea. Nikabonyeza F10 kwenda mstari unaofuata. Mshale ukashuka, ukatua kwenye mstari mtupu. F10 tena. Ukatua katikati ya maelezo, yale ya alama ya reli ambayo kompyuta haisomi kabisa. F10. Ukaruka juu mistari sita, ukatua kwenye mabano ya kufungia. Na vigeu pembeni vinabadilika! Kitu kinahesabiwa! Mshale unatembea kwenye mistari isiyofanya chochote, na hesabu inaendelea, kama unaangalia filamu ambayo sauti imetangulia picha.

Nilikaa na hilo tangu saa mbili usiku mpaka saa sita na nusu. LUKU ikaanza kupiga kelele, nikanunua umeme kwa simu, nikarudi kukaa.

Jibu, kwa faida ya atakayekuja kuusoma uzi huu naye usiku: kodi (hii ya kompyuta, siyo ile ya serikali) ilikuwa imepikwa ndani ya imeji (kiolezo kinachozaa kontena) kwa amri ya COPY wiki mbili nyuma. Tangu hapo nimeongeza mistari kwenye laptopu bila kuijenga imeji upya. Kinachokimbia ni faili la zamani, kinachoonyeshwa kwenye skrini ni faili jipya, na debaga haina inachojua zaidi ya namba ya mstari. Ikisikia "mstari wa 88" inachora mshale kwenye 88 ya faili lililo mbele yako, iwe kuna kitu iwe hakuna. Mafaili mawili yasiyofanana hata urefu, na edita haikuona kuna jambo la kuniambia.

Nikaunganisha folda kwa volyumu ili kontena lisome mafaili ya laptopu moja kwa moja. Mshale ukakaa mahali pake. Kwa furaha nikatoa na --noreload kwenye amri ya runserver, ili seva ijiwashe yenyewe kila nikihifadhi faili. Mnaojua mmeshashika vichwa. Ikiwa na kujiwasha huko, runserver huzaa mchakato wa pili, na huyo mtoto ndiye anayehudumia maombi. Mzazi kazi yake ni kumwasha mtoto upya tu kila anapojizima. Debaga yangu kule kwenye kontena ilikuwa imemshika mzazi. Vitone vyekundu, vizuri, vinang'aa, na hakuna kinachosimama, kwa sababu anayepita njia ile siye niliyemwekea kizuizi. Nikairudisha --noreload. Asubuhi ya Jumatano hiyo.

Tukafika kwenye fankisheni yenyewe ya kukokotoa riba. Mshale uko kwenye mstari unaoiita. Nabonyeza F11 niingie ndani. (Kwenye laptopu yangu F11 bila Fn inapandisha sauti. Nimepandisha sauti mara nyingi wiki hii.) Nabonyeza F11 na Fn: mshale unapita juu, unatua mstari unaofuata. Haujaingia. Narudia. Haujaingia. Nafungua lile faili la ndani, naweka kitone humo humo. Pete ya kijivu. Nauvizia mshale juu yake: faili limetengwa na vichujio.

Ile fankisheni ya riba tuliitoa mwaka jana tukaifanya paketi yetu wenyewe ya ofisi, inasakinishwa kwa pip, kwa hiyo inakaa kwenye folda ya site-packages pamoja na za watu. Na kuna mpangilio unaitwa justMyCode, kazi yake kukuepusha na kodi isiyo yako. Bila kuulizwa mtu, umewashwa tangu mwanzo. Debaga ikaangalia anwani ya faili, ikaamua kwamba kodi ile si yangu. Nimeiandika mimi! Jina langu liko mstari wa kwanza! Nikaweka false, ikafunguka, na adhabu yake ni kwamba sasa ukibonyeza F11 vibaya mara moja unatumbukia kwenye matumbo ya Django, unatoka humo jioni.

Kosa linalofuata ni langu peke yangu na nalisema kwa aibu. Ndani ya fankisheni kuna kigeu kinaitwa malipo, ni jenereta, ile inayotoa kitu kimoja kimoja na kikishatoka hakirudi. Nilitaka kuona kilichomo. Nikaandika list(malipo) kwenye dirisha la kutazamia. Nikaona malipo yote 24, safi. Nikaruhusu programu iendelee. Lupu (mzunguko wa kupitia malipo moja moja) haikuzunguka hata mara moja. Jedwali likatoka tupu. Nikaandika kwenye daftari: "mdudu wa pili: malipo yanapotea". Saa nzima namtafuta huyo mdudu wa pili. Mdudu ni mimi. Dirisha la kutazamia halitazami, linatekeleza unachoandika, ndani ya programu ile ile iliyosimama, kila mshale ukisogea. Nilikuwa nimekula chakula cha lupu kabla lupu haijafika mezani.

Na mnaotumia Django jueni kwamba hata kuifungua kweriseti (QuerySet, ombi la rekodi za hifadhidata) muione thamani yake tu kwenye debaga kunatuma swali kwenye hifadhidata, inaleta rekodi 21, inakuonyesha 20 za kwanza. Hukuomba. Uliangalia tu.

Basi nikasema nijitenge, niandike jaribio dogo, mkopo mmoja, mwezi mmoja, bila seva bila kontena. Kitone chekundu ndani ya jaribio. Naendesha kwa kitufe cha debaga cha edita. Jaribio limekwisha, limefeli, halikusimama. Kitone chekundu kabisa, siyo pete. Hapo ndipo niliposimama mimi, nikatoka nje, nikazunguka nyumba.

Niliporudi niliandika neno moja juu ya ule mstari: breakpoint(). Liko ndani ya Python tangu toleo la 3.7, la 2018. Nikaendesha pytest, chombo cha kuendeshea majaribio, kwenye terminali nyeusi, bila edita. Ikasimama. Papo hapo. Haina rangi, haina pete, ni alama ya (Pdb), debaga ya Python yenyewe, na kimshale kinachopepesa. n, kwenda mbele. s, kuingia ndani. p riba, nionyeshe: Decimal('1250.5'). n. p riba: 1250.

Nusu shilingi imeenda wapi? round() ya Python nusu kamili haiipandishi juu kama tulivyofundishwa shule, inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. 1250.5 inakuwa 1250, 1251.5 inakuwa 1252. Mama mhasibu yeye anapandisha nusu zote, na mkataba wa mkopo unasema hivyo. Nikabadilisha, nikatumia quantize na ROUND_HALF_UP, ya kupandisha nusu, shilingi 4 zikarudi. Kurekebisha kumechukua dakika mbili. Kufika pale, siku tatu.

Sasa wale wa "mkuu si ungetumia print tu". Nilitumia. Siku ya kwanza kabisa. Niliweka print baada ya round, kwa sababu sikujua kwamba round ndiyo tatizo, ikaniprintia 1250 na nikaona sawa tu. Print inakujibu ulichouliza. Mimi nilihitaji kitu cha kusimama pale kwenye mstari nione kabla na baada, ndiyo sababu debaga zikaundwa, na ndiyo sababu nina hasira na ile yenye rangi nzuri iliyoacha kazi ikafanywa na ile yenye sura mbaya.

Edita siitaji jina, mnaijua, nusu yenu mnaitumia na mimi kesho nitaendelea kuitumia, sina pa kwenda. Ninachodai ni kidogo: kitone kikishindwa kushika, nipigieni kelele. Mnanitumia taarifa ya toleo jipya la mandhari ya rangi kila wiki, hiyo mnaweza. Niambieni "brekipointi zako 3 hazijashika, sababu ni hii" hapo hapo kwenye skrini, siyo kwenye maandishi ya kuvizia.

NYONGEZA 1: Ahsante mkuu uliyeeleza kwa nini jaribio halikusimama. Ni kipimo cha ufunikaji (kinachohesabu mistari iliyoguswa na majaribio), pytest-cov, kiko kwenye mipangilio yetu kinawaka kila mara. Kipimo na debaga vyote viwili vinatumia sys.settrace, ndoano ya Python ya kufuatilia kila mstari, na kwa kila uzi wa utekelezaji kiti ni kimoja, anayekaa mwisho anamwangusha wa kwanza. Kipimo kilimwangusha debaga wangu. pdb ilikuja baadaye ikakiangusha kipimo, ndiyo maana yenyewe ilisimama. Nimeongeza --no-cov kwenye majaribio ya kudibagi na sasa kitone kinashika. Wenye Python 3.12, ile ya Oktoba 2023, mna sys.monitoring yenye nafasi 6, kila chombo na yake. Sisi tutahama mteja akilipa.

NYONGEZA 2: Mdau wa ESP32, ile chipu ndogo ya vifaa, umenipa moyo kwa njia mbaya. Kumbe nyie chipu yenyewe ina brekipointi 2 tu za maunzi. Mbili! Mnaishije? Ila angalau mnajua ni mbili.

NYONGEZA 3: Ijumaa asubuhi. Nimefungua mashine, vitone vyote vimekuwa pete za kijivu. Nimeuliza, dogo wa meza ya pili anasema jana jioni alisoma uzi huu, akaona /app ni fupi na nzuri zaidi, akabadilisha WORKDIR.