Mtoto wa miaka 11: apewe namba yake, au azungushwe uwanja mzima?

KochaMpakani (Busia, upande wa Uganda)

Habari zenu wakubwa. Nina watoto 23, darasa la tano mpaka la saba, mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Uwanja wetu umeinama, kwa hiyo kipindi kimoja unacheza na mlima na kingine unateremka na mto.

Msaidizi wangu anataka kila mtoto apewe namba yake, yaani nafasi yake uwanjani, leo na abaki nayo: wewe ni sita (kiungo mkabaji), wewe ni tisa (straika), kesho usiniulize tena. Mimi nimekuwa nikiwazungusha kila mechi, na wazazi wameanza kununa. Tumebaki na njia tatu mezani. Ya kwanza ni hiyo ya namba moja ya kudumu. Ya pili ni kuzungusha kila mechi, hata kila kipindi. Ya tatu tumeisikia kwa kocha mmoja wa Mbale: mtoto anakaa upande mmoja wa uwanja muhula mzima, ila anapanda na kushuka ngazi. Muhula huu beki mbili (beki wa kulia), muhula ujao namba saba (winga wa kulia), mstari uleule wa chaki.

Niseme wazi kwa nini naogopa ile ya kwanza. Nilipokuwa na miaka 12 nilikuwa mrefu kuliko mwalimu wa hesabu. Nikapewa namba tano, beki wa kati, siku ya kwanza, na maelekezo yalikuwa mawili tu: ruka kichwa, halafu butua mbele. Miaka mitano nimebutua. Wenzangu waliponifikia kwa urefu sikuwa na kitu kingine mfukoni. Mpira ukija nikiwa nimeligeuzia goli lao mgongo, nilikuwa kama mtu aliyeamshwa usiku. Hakuna aliyenifundisha kugeuka nao, maana namba tano hageuki.

Nyinyi mnafanyaje?

BekiTatuMstaafu (Jinja)

Kocha, njia ya pili iue leo. Nimeijaribu. Mtoto akicheza tatu (beki wa kushoto) kipindi cha kwanza, tisa kipindi cha pili, na wiki ijayo sita, hajifunzi namba yoyote. Anajifunza kukimbilia mpira tu, na wote 11 wanakuwa nzi kwenye embe. Mtoto anahitaji kukosea kosa lilelile mara nne au tano mahali palepale ndipo aone kwamba ni kosa.

Ya tatu ina akili. Beki wa pembeni na winga wanasoma kitabu kimoja. Aliyewahi kuwa winga anajua winga anachukia nini, kwa hiyo akirudi kuwa beki anamnyima hichohicho. Mimi nilianza kumi na moja, winga wa kushoto, nikarudishwa tatu kwa sababu mwenzangu aliumia, na nilikaa huko mpaka magoti yakakataa.

MamaWaWinga (Kibuli)

Makocha shikamooni, na samahani kuingilia. Nyinyi mnazungumza mpira, mimi nazungumza karo.

Mwanangu yuko darasa la saba. Nataka basari ya michezo sekondari, na kila mtu humu anajua mchujo ulivyo: watoto wamejaa kama soko la Owino, kila mmoja dakika ishirini. Yule mwalimu anasimama na karatasi anauliza, “Wewe namba ngapi?” Mtoto wangu akijibu “popote, ssebo” (bwana), ameshapoteza. Popote si namba. Kwa hiyo msinichezee na haya mambo ya kupanda na kushuka ngazi. Yeye ni winga, mpeni winga.

BekiTatuMstaafu (Jinja)

Mama, marahaba, na hoja yako ni nzito. Lakini nikuulize: kwenye mchujo huo, walioandika saba, tisa na kumi ni wangapi, na walioandika tatu ni wangapi? Tangu Hippos, timu yetu ya taifa ya vijana, wafike fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya chini ya miaka 20 mwaka 2021 kule Mauritania, na Derrick Kakooza awe mfungaji bora, kila mtoto huku ni straika. Wanaotumia mguu wa kushoto na kukubali kukaba unawahesabu kwa vidole. Nimeona kijana aliyefika mchujo akiwa tisa, akaona foleni ya matisa inazunguka jengo, akahamia kwenye foleni ya tatu ambako hapakuwa na mtu. Yuko sekondari sasa. Alithubutu kuhama kwa sababu muhula mmoja aliwahi kuicheza.

Kijana_wa_Lugogo

Mbona mnahangaika. Alphonso Davies wa Kanada alifika Bayern Munich akiwa winga, wakamrudisha beki wa kushoto mwaka 2019, Agosti 2020 akabeba Ligi ya Mabingwa. Mtu mwenye kipaji unamweka popote.

Mwalimu_Tororo

Kijana, Davies alikuwa na miaka 18 akielekea 19, na alikuwa tayari anajua kutuliza mpira, kupiga chenga na kukimbia nao. Walichobadilisha pale ni kazi tu, fundi alikuwa amekamilika. Sisi hapa tunazungumzia mtoto ambaye akipigiwa pasi ngumu inamgonga ugoko.

Na mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kocha, watoto wa miaka 11 unawachezesha 11 kwa 11 kwenye uwanja wa watu wazima? Hapo namba haina maana. Winga wako atagusa mpira mara chache sana mechi nzima, na zile mara nyingine atakuwa anahesabu ng'ombe kando ya uwanja. Wamarekani watoto wao wa chini ya miaka 10 wanacheza 7 kwa 7, wa chini ya 12 wanacheza 9 kwa 9, na 11 kwa 11 inaanza wakifika kundi la chini ya 13. Hata vichwa wamekataza kwa walio chini ya miaka 11. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wakiwa wachache, kila mtoto analazimika kukaba, kupokea, kugeuka na kufunga ndani ya dakika tano hizohizo.

Mimi nachezesha saba: kipa, mabeki wawili, viungo watatu, straika mmoja. Kiungo wa katikati hapo ndiye sita, nane (kiungo wa kati) na kumi (kiungo mshambuliaji) kwa wakati mmoja. Ninachomfundisha ni kimoja: kabla mpira haujamfikia awe ameshaangalia nyuma ya bega, na mwili ukae wazi, si kuuelekea mpira kifua kizima. Khalid Aucho, kiungo wa Uganda, unamwona anafanya hivyo hata akiwa amezungukwa. Mtoto akilipata hilo, kumpa namba baadaye ni kazi ya mchana mmoja.

KochaMpakani

Mwalimu, nakubali nusu. Mashindano tunayoalikwa huku ni 11 kwa 11, mpira wa saizi ya tano ya wakubwa, na timu pinzani ina “mtoto wa darasa la sita” mwenye ndevu. Nikienda na viungo wanaoangalia nyuma ya bega tunarudi na saba bila.

Mwalimu_Tororo

Basi rudini na saba. Mazoezini hakuna anayekualika, huko ni kwako.

KipaWaArua

Naona hakuna aliyegusa namba moja, kama kawaida. Kipa ni yule aliyebaki baada ya wengine kuchagua. Mnene aende golini. Aliyechelewa aende golini. Aliyekosea pasi, adhabu yake golini. Halafu mlishangaa kipa Denis Onyango alipotangaza kustaafu timu ya taifa mwaka 2021 na kila mtu akauliza mrithi yuko wapi.

Pimeni wenyewe. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mtoto wa miaka 11 akiinua mikono haufikii mwamba hata akiruka. Kila mpira wa juu ni bao, na yeye ndiye anayelaumiwa. Baada ya mechi tatu anajifunza kufumba macho. Nimewaona makipa wa miaka 15 ambao bado wanafumba, ni kidonda cha utotoni hicho.

Kwa namba moja mimi sikubali njia yoyote kati ya zile tatu. Kudumu hapana, kwa sababu kipa wa leo anapewa pasi ya nyuma na kuambiwa aanzishe mpira, na miguu hiyo ataipata wapi akishinda amesimama kati ya milingoti? Kuzungusha wote 23 hapana pia, maana kuna watoto wanaogopa mpira wa uso na si dhambi. Tafuta watatu wanaopenda. Wapokezane, na anayepumzika golini acheze ndani. Mazoezini chomeka fito mbili, funga kamba usawa wa mkono wa mtoto akiruka, hilo ndilo goli. Kamba ni bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai.

Kijana_wa_Lugogo

Hii ya kamba nimeikubali.

KochaMpakani

Narudi baada ya wiki tatu, wazee, msidhani nilikimbia.

Tumekubaliana na msaidizi wangu hivi. Mazoezi ya Jumanne na Alhamisi ni saba kwa saba kwa kupokezana, kiwanja kidogo, fito na kamba. Mechi za nje tunacheza 11 na kila mtoto ana upande wake wa muhula. Makipa ni watatu. Mmoja wao ni mtoto wa kike ambaye sikuwahi kumfikiria kwa kazi hiyo, na kwa mikono ndiye bora kuliko wote. Wa darasa la saba wenye mchujo mbele yao nimewapa namba mbili za kutamka, si moja wala si popote. Hilo nimeliiba kwa Mama Winga na BekiTatu kwa pamoja.

Mechi ya kwanza tumefungwa 4–1. Mabao mawili yalitoka kwa watoto waliojaribu kugeuka na mpira mbele ya goli letu. Msaidizi wangu hakuniongelesha mpaka tulipofika stendi ya boda. Mechi ya pili sare ya 1–1. Nina mrefu mmoja, nakala yangu kabisa, nimemtoa tano nikamweka nane, na kipindi cha kwanza alipotea kama mgeni mjini. Cha pili alipokea mpira mgongo ukiwa kwa goli lao, akaangalia begani, akageuka. Pasi iliyofuata ilitoka nje. Sikujali ilikwenda wapi.

MamaWaWinga (Kibuli)

Hongera, kocha. Nimempeleka wangu kwa kocha wake hapa na maelezo yenu yote. Amenisikiliza kwa adabu sana, akanijibu kwamba kuanzia Jumatatu mtoto ni beki mbili.

BekiTatuMstaafu (Jinja)

Na mtoto anasemaje?

MamaWaWinga (Kibuli)

Ananuna. Lakini jana nimemkuta uani anamfundisha mdogo wake jinsi ya kumzuia winga.