MJADALA: Wasabato tunatetea haki ya kuabudu, au tunatetea Jumamosi yetu tu?

Ndugu zangu, naanzisha hili nikijua watu wa kanisa langu ndio watakaokuwa wa kwanza kunirushia mawe.

Tangu utotoni, Shule ya Sabato, tunaambiwa sheria ya Jumapili, ya kumlazimisha kila mtu aishike siku hiyo, inakuja. Si hadithi tupu. Mwaka 321 Konstantino, mfalme wa Roma, aliamuru mahakimu na mafundi wa mijini wapumzike Jumapili. Mwaka 1888 seneta Blair alipeleka mswada wa aina hiyo katika Seneti ya Marekani, ukakwama. Miaka hiyohiyo, huko Tennessee, Msabato aitwaye R. M. King alishtakiwa kwa kulima shamba lake Jumapili, akafa 1891 kesi haijaisha. (Konstantino mwenyewe aliwaruhusu wakulima walime!)

Lakini mimi sijaguswa na sheria ya Jumapili. Kilichonigusa ni ratiba. Kidato cha tatu, shule ya bweni, mtihani wa hesabu ukapangwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Mwalimu wa zamu alitukuta bwenini na Biblia mkononi, akatuswaga hadi ukumbini. Niliandika jina na namba, nikalaza kalamu, nikakaa nikihesabu vioo vilivyovunjika dirishani. Vilikuwa tisa. Ile sufuri mama bado anayo kwenye faili.

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, Wasabato walishtaki juu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Walishindwa Mahakama ya Katiba 2003, wakashindwa tena Mahakama ya Juu 2006. Kwetu Kenya, kwa kesi kama hiyo ya wanafunzi, kanisa lilishindwa Mahakama Kuu, likakata rufaa, na 2017 likashinda. Kilichotubeba ni Kifungu cha 32 cha Katiba: mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake.

Sasa kifungu hichohicho ndicho alichokishika mzazi Mwislamu aliyetetea hijabu ya wasichana katika shule moja ya Isiolo. Mahakama ya Rufaa ilimkubalia 2016, Mahakama ya Juu ikatengua Januari 2019 kwa hoja za utaratibu wa kesi. Kanisani kwetu sikusikia hata ombi moja. Kwa nini?

Mzee wa Kanisa: Unachanganya mambo, kijana. Hijabu ni vazi. Sabato ni amri ya nne, imeandikwa kwa kidole cha Mungu.

Mwanzisha mada: Mzee wangu, shikamoo. Hilo tunaliamini mimi na wewe. Jaji yeye hakuulizwa amri ni ya ngapi. Siku tukimruhusu apime imani ipi ni nzito, tusishangae akiipima na yetu.

Mwalimu Mstaafu: Pole kwa sufuri. Ila nimeshika zamu miaka 26, nisikilizeni. Jumamosi ndiyo siku ya kumalizia silabasi. Ukimwachia Msabato, Ijumaa mchana Mwislamu naye ana haki yake, na Akorino, wale wa kanisa la vilemba, na kilemba chake. Mwalimu ni mmoja, karatasi ya mtihani ni moja, na aliyeifanya jana atamwambia wa kesho maswali. Halafu niulize: shule zenu za Kisabato, mtoto Mkatoliki akikataa kazi za Jumapili asubuhi, mnamwachia?

Mama Bweni: Mwalimu, mbona Rwanda wanaweza? Umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nchi nzima inashika majembe. Wasabato hufanya wao Jumapili, na mitaro inazibuliwa vilevile. Kutunga karatasi ya pili kunamshindaje mtu mwenye digrii?

Mwalimu Mstaafu: Mtaro hauna maswali ya kuvuja, mama.

Mwanzisha mada: Mwalimu, hilo la Mkatoliki limenikalia kooni. Sitalijibu kwa ujanja: nimefundisha muhula mmoja kwenye shule yetu, na Jumapili asubuhi watoto wote walikuwa shambani wakipalilia mahindi, Wakatoliki wakiwemo. Sikusema kitu. Nami nikuulize, bila ubishi: karatasi ya pili ikitungwa, Wasabato wafanye Jumapili saa tatu asubuhi, ungekuja kuwasimamia?

Mwalimu Mstaafu: Jumapili saa tatu? Mimi niko kanisani.